Kiza cha saa nane mchana

Somo yangu, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, Unguja. Nina miaka 34, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kiume wa miaka mitano, na tunaishi Umeå, kaskazini ya Uswidi. Huu ni msimu wangu wa pili wa baridi. Wa kwanza ulipita kwa mshangao tu, kila siku picha, kila siku video ya mtoto akigaragara kwenye theluji, wadogo zangu nyumbani wakicheka. Huu wa pili umenikalisha kitako.

Somo, hapa mwezi wa Disemba jua linachomoza kama saa tatu na nusu asubuhi, na haijafika saa nane mchana limeshazama. Hapo ni kama umeliona, maana siku nyingi mbingu ni kama sufuria iliyofunikwa. Mwanangu kaniuliza, "Mama, wewe unasema saa moja asubuhi, hiyo asubuhi iko wapi?" Sikuwa na jibu. Saa zetu tunazihesabu tangu jua kuchomoza, na hapa hesabu haikubali. Nikipiga simu nyumbani naambiwa kaskazi imepamba moto, watu hawalali kwa joto, maembe yamejaa Darajani. Mimi nimewasha taa zote za nyumba na bado naona kiza.

Tangu Novemba mwili umekuwa mzito. Nalala muda wa saa kumi na naamka kama sikulala. Darasa langu la Kiswidi, siku nne za wiki asubuhi, sijalitia mguu wiki ya tatu sasa. Mwalimu kaniandikia ujumbe, sijamjibu. Nyumbani nilikuwa mwalimu wa skuli ya msingi, mtu wa kuamka alfajiri. Leo mtoto anachelewa chekechea kwa sababu ya mama yake.

Kitu kimoja tu kinanipa raha, kuoka. Mume wangu anaendesha basi, anatoka alfajiri, hivyo saa tatu usiku yuko kitandani. Akishalala mimi nafunga mapazia (siku hizi hata mchana siyafungui), nawasha mishumaa, nafukiza udi kidogo, natia moto oveni. Jikoni kunakuwa na joto na harufu ya vanila, nasahau niko wapi. Saa nane, saa tisa za usiku bado nipo. Wiki iliyopita nilioka keki tatu. Ya tatu niliimaliza peke yangu kwa siku mbili, tena kwa kusimama, nimeegemea kabati, sikutia hata kwenye sahani. Sketi zangu hazifungi. Natamani utamu mchana na usiku kama mwenye mimba, na sina mimba, nimepima.

Mume anasema ni deko na uvivu, wenzangu wote wanaishi hapa hapa na wanakwenda kazini. Mama kwenye simu anasema nimepigwa jicho kwa zile picha za mwaka jana, anataka nisomewe.

Na kuna mambo mawili ya kijinga, lakini nitayasema. Siku moja nilitamani mahamri. Nikakanda unga, nikauweka dirishani kama tulivyokuwa tukiuweka penye jua nyumbani. Saa mbili nzima, ukabaki umelala vile vile, baridi kama jiwe la kisimani. Nikakaa chini jikoni nikalia. Nililia kwa ajili ya unga, Somo.

La pili ni sahani. Tarehe 13 Disemba, siku yao ya Lucia, jirani wa ghorofa ya chini, mama mtu mzima anayeishi peke yake, aligonga mlango akanipa mikate midogo ya zafarani, ya manjano, imepindwa kama herufi S, kila mmoja na zabibu kavu mbili. Nikasema ahsante kwa Kiswidi, nikafunga mlango. Sahani yake mpaka leo iko juu ya friji. Kuirudisha tupu naona haya, sikulelewa hivyo. Kuijaza sijui nimtilie nini mtu kama yeye. Sasa ni wiki ya nne. Nikisikia hatua zake kwenye ngazi nangoja apite ndiyo nitoke.

Usiku mwingine nalala nikiwaza nisipoamka nani ataumia. Lakini ni mawazo tu.

Niambie, huku kuoka kunaniponya au kunanimaliza? Niache? Na hiki nilichonacho ni maradhi, au ni deko kweli?

Mwanao wa kizani, Umeå


Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nilirudi kwa ajili ya sentensi moja uliyoitupa karibu na mwisho, halafu ukaifukia haraka kwa "ni mawazo tu". Nisipoamka nani ataumia. Kabla ya unga na hamira, tukae hapo kwanza. Kuwaza hivyo hujafanya dhambi, na si deko, lakini si mawazo ya kukaa nayo peke yako jikoni saa tisa za usiku. Wiki hii hii piga simu kituo cha afya cha mtaa wako, ile hälsocentral uliyoandikishwa, uombe miadi, na maneno hayo uyaseme kama ulivyoniandikia mimi, usiyapunguze. Kiswidi kisikuzuie. Una haki ya mkalimani. Usiku ukikuelemea, 1177 ni simu ya ushauri wa afya, wanapokea saa zote. Na siku mawazo yakigeuka nia, ukajikuta unapanga vipi na lini, usingoje miadi. Piga 112, na umwamshe mumeo palepale. Na hata kabla ya siku hiyo mwambie leo. Mtu anayelala pembeni yako hapaswi kuyasikia haya kwangu.

Haya. Sasa unauliza ni maradhi au deko.

Mwaka 1976 daktari kijana wa maradhi ya akili, Norman Rosenthal, alihamia New York akitokea Afrika Kusini. Alizaliwa Johannesburg, amekulia penye jua. Majira ya baridi yalipofika akaona nguvu zimemwisha, kazi hazendi, na machipuko yalipokuja akawa mtu tena. Mwaka 1984 yeye na wenzake wakaandika maelezo ya kitaalamu ya hali hiyo na kuipa jina. Kwa Kiswahili tungeiita sonona ya majira. Basi mkwe wangu akisema deko, mwambie deko hilo lina miaka zaidi ya 40 kwenye vitabu vya madaktari, na aliyelitia vitabuni ni mhamiaji kutoka Afrika kama wewe.

Hata keki ya tatu imo humo. Wenye hali hii hulala sana na bado huchoka, mwili huwa mzito, hujitenga, na hutamani wanga na sukari mpaka nguo zinabana. Umeyataja yote bila kuulizwa. Sisemi ndicho ulichonacho, hilo la daktari, naye huenda akataka kupima damu pia, aangalie tezi ya shingo, upungufu wa damu, na vitamini D, maana ngozi zetu na jua la huko kuanzia Oktoba hadi Machi hazielewani hata kidogo. Ninachokuambia ni kuwa usijiite mlafi.

Mimi nimekaa Trondheim, Norwe, misimu 11. Wa kwanza kama wako, picha. Wa pili nililala. Nilikuwa na blanketi la sufi la kijani, na nikikumbuka Januari ya mwaka ule sioni theluji, naona nyuzi za lile blanketi.

Sasa kuhusu hilo pango lako. Mapazia, mishumaa, udi, oveni, yote mazuri na sikukatazi (udi angalia king'ora cha moshi, mimi nimewahi kulitoa jengo zima nje na nguo za kulalia). Kosa lako liko kwenye saa. Mwanga wa asubuhi ukiingia jichoni ndio unaouambia mwili kumekucha. Mwanga hupimwa kwa luksi. Sebule yako na taa zote zimewashwa ni luksi 200 au 300. Nje hapo Umeå saa sita mchana, hata mbingu ikiwa sufuria iliyofunikwa, unapata zaidi ya hizo, na theluji inakurudishia nyingine kutoka chini. Kikwajuni penye jua la kaskazi ni kama 100,000. Mshumaa ni mzuri kwa kuliwaza moyo, lakini saa ya mwilini haiujui. Wewe mchana umefunga mapazia, usiku wa manane umesimama chini ya taa za jikoni unapiga mayai. Mwili unaambiwa kinyume pande zote mbili, kisha unalaumiwa kwa kulala asubuhi.

Kwa hiyo usiache kuoka. Hamisha saa ya kuoka.

Nitakupa mkate mmoja tu, mkate wa kumimina, na sikuuchagua kwa utamu wake. Nimeuchagua kwa kuwa mchele wake hurowekwa usiku. Alhamisi kabla ya kulala osha vikombe viwili vya mchele, basmati ya huko inafaa, uroweke, uzime taa, ulale. Saa nne ya usiku uwe kitandani. Ukijiona mikono inawasha kutaka kuoka, jiambie umeshaanza, mchele uko ndani ya maji. Ijumaa ukiamka una kitu kinakungoja, na ukikiacha mpaka jioni kitachacha. Kule Trondheim kuna asubuhi ambazo kengele haikunitoa kitandani, wala mume, wala sala nilikuwa nikiisali kwa wakati, Mungu anisamehe. Ule mchele ulinitoa.

Ukishampeleka mtoto chekechea, mwaga maji, tia mchele kwenye blenda na kikombe kimoja na nusu cha tui zito la kopo, lipashe liwe vuguvugu tu, sukari robo tatu ya kikombe, kijiko cha chai cha hamira, na iliki ulizozimenya na kuzitwanga mwenyewe. Saga mpaka ukisugua kati ya vidole usisikie chenga. Mimina kwenye bakuli, funika. Sasa unahitaji saa moja mkate uumuke, na hiyo saa moja ndiyo niliyokuwa nikiitafuta tangu mwanzo. Hukai kochini na simu. Unavaa, unatoka. Itakuwa saa nne kupita, kumekucha hata Umeå. Usiende dukani, duka ni taa tena. Tembea kando ya mto, uso juu, bila kofia kukushuka machoni, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi. Ukirudi pua imekufa ganzi, funua bakuli. Utakuta povu limepanda juu na vitobo vinapasuka kimoja kimoja, pup, pup, taratibu. Kaa uvitazame kidogo. Hakuna anayekuharakisha.

Kisha piga ute wa mayai mawili mpaka uwe mweupe, uchanganye pole pole na mwiko wa mbao. Paka samli sufuria ndogo ya kuingia kwenye oveni, itie tupu ipate moto kwa nyuzi 180, ndipo umimine. Ukimimina kwenye sufuria ya baridi utashika chini na utanilaumu mimi. Dakika 35 au 40, juu ugeuke rangi ya kahawia. Bibi zetu walipalia makaa juu ya kifuniko, moto chini moto juu, na masizi mpaka kwenye nyusi. Wewe una kitufe.

Kata vipande. Kula kimoja, umekaa kitini, kwenye sahani, na chai. Cha pili pia kama unataka. Kilichobaki kina kazi, nitakuja huko.

Na mahamri yako. Hukukosea kukanda, umekosea dirisha. Kioo cha Januari huko ni friji. Hamira inataka joto la mwili, nyuzi 37, kidole ukikitia kwenye tui usisikie baridi wala moto. Ukishakanda, tia bakuli ndani ya oveni iliyozimwa, chini yake weka bakuli jingine la maji ya moto, funga mlango, uende zako. Tena madukani kwenu kuna hamira mbichi, vile vipande vya gramu 50 vilivyofungwa kwa karatasi, viko kwenye friji karibu na maziwa, na viko vya aina mbili. Chukua ile ya unga uliotiwa sukari. Mahamri yetu yana sukari nyingi, na sukari nyingi inaichosha hamira ya kawaida. Ule unga ulioulilia haukuwa umekufa. Ulikuwa na baridi.

Jumatatu hadi Alhamisi huna haja ya mkate, una darasa. Mjibu mwalimu leo, kwa sentensi moja: nilikuwa naumwa, narudi Jumatatu. Usieleze zaidi. Wewe mwenyewe umekuwa mwalimu, unajua unavyofurahi kumwona mwanafunzi aliyepotea akichungulia mlangoni, hutaki hata sababu zake. Na nenda kwa miguu, au shuka kituo kimoja kabla.

Kuna taa pia. Zipo taa za tiba za luksi 10,000, unaiweka mezani pembeni ya uso, karibu kama urefu wa mkono, nusu saa asubuhi wakati unakunywa chai. Huitazami moja kwa moja, inatosha iwe upande wako na macho yawe wazi. Mji wako unazijua: mwaka 2012 kampuni ya umeme ya hapo iliweka taa za namna hii kwenye vituo vya basi, watu wakawa wanaoga mwanga huku wakingoja basi. Lakini usiagize kabla ya kumwuliza daktari, hasa kama una matatizo ya macho, au unatumia dawa, au umewahi kupata vipindi vya kuchangamka kupita kiasi ukakosa usingizi siku nyingi. Si kila jicho na si kila kichwa taa hiyo inakifaa.

Kuhusu nyumba, neno moja tu. Umewaangalia Waswidi Disemba wanavyofanya? Nyota za karatasi, vinara vya taa saba, na vyote viko dirishani, pazia wazi, mpaka mpita njia anakuona unakunywa kahawa. Mwanzo niliona ni watu wasio na haya. Baadaye, nikirudi kazini saa tisa mchana kwenye kiza, nilikuwa nikipita mtaa mzima nikihesabu madirisha. Fungua mapazia yako mchana, sogeza kochi mpaka kwenye kioo, na blanketi lako lihamie huko. Mshumaa wako wa usiku nao uhamie dirishani.

Mumeo sina ugomvi naye. Mtu anayeendesha basi amekaa mbele ya kioo kikubwa kuliko mlango, na mchana wote wa Umeå, hata kama ni wa saa nne na nusu, ni wake. Wewe mchana wako unaupitisha nyuma ya pazia. Hajakuzidi ushujaa, amekuzidi dirisha. Msomee hivyo hivyo. Na mwambie Ijumaa akirudi mapema amchukue mtoto, mkae wote watatu mezani kwa chai ya jioni. Hiyo keki ya usiku wa manane ilikuwa inaliwa na mtu mmoja kwa sababu nyumba nzima imelala.

Mama naye mwache akuombee, usimbishie. Soma sura zako, umwambie ahsante, na miadi ya daktari iko palepale. Mimi sijaona pahali dua na daktari waligombana.

Sasa sahani.

Wiki ya nne, unasema, na unajificha kwenye ngazi. Mwanangu, mimi ningejificha pia. Ni malezi mema hayo yaliyokufunga. Lakini tazama aliyekuletea ni nani: mtu mzima, anaishi peke yake, kwenye kiza kile kile, usiku ambao kwa hesabu za zamani kwao ulikuwa ndio mrefu kuliko yote mwakani. Zafarani huko wanaiuza kwa vipakiti vya nusu gramu, mara nyingi iko kwa mwenye kupokea pesa maana ni ghali. Mtu hafungui kipakiti kile, akapinda mikate, akapanda ngazi, ili umrudishie sahani.

Unasema huna cha kumtilia mtu kama yeye. Unacho. Waswidi wanatia iliki kwenye mikate yao kuliko Wazungu wote ninaowajua. Wana andazi lao linaloitwa kwa jina la iliki, kardemummabulle, na ukipita nje ya duka la mikate asubuhi unaweza kuapa kuna mtu anachoma mahamri. Huyo mama akifunua kitambaa chako, pua yake itajua kabla ya macho. Atakachoshangaa ni mchele na nazi, na hapo ndipo mtapata la kusema.

Kwa hiyo mkate wa Ijumaa ya kwanza si wako. Vipande sita kwenye sahani yake, kitambaa safi juu, ushuke ngazi ungali na moto. Saa saba mchana, kabla jua halijakwenda. Kiswidi chako kikikukatika, sema "kardemumma" na "kokos", inatosha. Akikuambia ingia, ingia. Vua viatu mlangoni, nao wanavua kama sisi. Kahawa yao ni nyeusi na chungu, utazoea. Usiseme una haraka, maana huna.

Ukiipata barua hii itakuwa katikati ya Januari, na ujue kuwa siku za huko zimeshageuka. Kuanzia sasa unaongezewa dakika tano, sita kila siku. Ramadhani ikiingia mwezi wa Februari, hutakuwa ukifuturu saa nane mchana. Na karibu na tarehe 20 Machi mchana wako na wa Kikwajuni vitalingana, saa 12 kwa 12, umwambie mwanao hesabu ya saa imerudi.

Nakwambia mapema, akikurudishia sahani ina kitu, umekwisha. Itakubidi uroweke tena Alhamisi.

Somo

Nyongeza: kwa huyo mama iliki zidisha, sukari usizidishe. Na usisahau kumwuliza kama anakula mayai.